Gurudumu Lililozama Mchangani

Asubuhi ile stesheni ya treni ya Kokubunji ilijaa watu mpaka pumzi za wengine unazisikia shingoni. Shunsuke alikuwa amekumbatia gurudumu la nyaya alilolisuka mwenyewe, la gari la mwezini, kwani huko mpira haufai. Waya mmoja ukanasa sweta ya kijani ya msichana, uzi ukafumuka.

"Kaka, hilo dude lako linanivua nguo," msichana alisema, akijizuia kucheka.

Aliitwa Fumie, na kumbe walikuwa wakienda karakana moja: yeye ndiye mhandisi mpya wa kuandaa mchanga wa majaribio, unaofanana na vumbi la mwezi. Mvua za Juni zilipofika, walikuwa wakipigiana simu hata wakiwa jengo moja, na Fumie ameshaahidi kumpeleka kwa wazazi wake Jumapili moja mvua zikiisha.

Wakati wote wa mvua gurudumu lilipita mchangani bila shida. Mvua zikakatika, wakubwa wakaja kuangalia, likazama nusu. Shunsuke, uso umemwiva, akasema mbele ya wote kwamba mchanga umeharibiwa. Asubuhi hiyo Fumie alikuwa ameukausha kwenye tanuri, kwa kuwa mwezini hakuna unyevu.

Tangu siku hiyo Fumie hakupokea simu za Shunsuke. Alipopokea mojawapo, alimwita kwa jina la ukoo na "san" ya heshima, kama mgeni.

"Morisaki-san, kuna la kazi?"

"Fumie mpenzi, usiniite hivyo."

"Kama hakuna la kazi, kwaheri." Akakata.

Kwa hasira Shunsuke akakausha mchanga mwenyewe, ili amwoneshe kosa lake. Gurudumu likazama. Akaulowesha kidogo; likapita. Kumbe miezi yote alikuwa akisuka gurudumu la nchi yenye mvua. Mungu anajua namna ya kumkalisha mtu chini.

Kesho yake, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, wafanyakazi walipomaliza kunyoosha viungo kwa muziki wa redio, alitoka mbele akainama sana.

"Mchanga wa Fumie ulikuwa sawa. Gurudumu langu ndilo bovu, na nilimlaumu yeye ili nisiaibike mimi. Nisameheni."

Siku hiyohiyo wakubwa waliliacha gurudumu lake, wakachukua la kundi jingine.

Fumie alimkuta Shunsuke uani, ameshika tonge la wali ambalo hajaliuma.

"Gurudumu limekwenda," Fumie alisema.

"Limekwenda. Na wewe?"



"Mimi nina hasira. Hata Jumapili nitakuwa nayo. Lakini mama ameshaagiza samaki, kwa hiyo njoo saa sita, na useme kwa baba yangu hivyohivyo ulivyosema leo."