Uzito wa Diwani

Diwani alianza kupona siku ya Jumatatu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuwa kasuku wa kijivu, mwenye miaka arobaini na moja na mkia mwekundu. Marehemu mwenye nyumba ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa ndege huyo alisema sana na hakutekeleza lolote. Mzee alikwenda zake miaka tisa iliyopita, akaiacha sauti yake tunduni: "Mke wangu, kula," "Nani kachukua miwani yangu?" na tusi moja ambalo wageni walijifanya hawakulisikia. Mjane wake, ambaye kiharusi kilimlaza kitandani mwaka wa tatu sasa, hakula mpaka Diwani amwambie ale. Kwa hiyo binti yao, muuguzi ambaye hata majirani walimwita Sista, aliijua hesabu ya nyumba ile: ndege akinyamaza, kijiko kinarudi jikoni kimejaa.

Daktari wa mifugo alikuwa amemwonya mapema.

"Ndege huficha ugonjwa, Sista. Porini anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa. Ukiona manyoya yamefura, anasinzia mchana, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, ujue ameshaugua siku nyingi. Mpime uzito kila asubuhi kabla hajala. Na siku akishuka kukaa chini ya tundu, usinipigie simu. Kaa naye tu."

Sista akaning'iniza chati tunduni kama wodini, akaleta mizani ya jikoni. Gramu mia nne na kumi. Mia tatu themanini. Mia tatu hamsini na tano. Mfupa wa kifua ukatokeza kama makali ya kisu, kinyesi kikawa maji ya kijani. Jumapili asubuhi, alipotoka zamu, alimkuta Diwani chini ya tundu, macho nusu wazi, akipumua kwa mlio wa bawaba kavu. Akavuta kiti kando ya kitanda cha mama yake, akakaa nao wote wawili, na usingizi ukamwangusha hapo hapo na viatu vyake vya kazi.

Jumatatu Diwani alikuwa juu ya kijiti chake, manyoya yamelala, macho yanang'aa. Gramu mia tatu arobaini na mbili. Mama akala bakuli zima. Sista akaandika, akamshukuru Mungu, akaenda kufua mashuka.

Jumanne, mia tatu arobaini na mbili. Jumatano, vilevile. Ijumaa akaitazama ile safu ya tarakimu, akajishuku yeye mwenyewe kwanza. Wodini, vipimo visivyobadilika siku tano vina maana mbili tu: muuguzi mvivu ananakili vya jana, au mgonjwa amekufa na hakuna aliyemwangalia. Na yeye, pamoja na kasoro zake zote, hakuwa mvivu.

Akainama. Tundu halikuwa na kinyesi. Mbegu zilikuwa zimemenywa moja moja na kupangwa mstari, hakuna iliyoliwa. Ile harufu ya vumbi la manyoya aliyoizoea tangu utotoni ilikuwa imetoweka, na mahali pake palinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Akautazama mkia, saa mkononi, akihesabu kama anavyohesabu pumzi za wagonjwa, dakika moja, kisha ya pili kwa kuwa ya kwanza hakuiamini, kisha ya tatu kwa kuwa hakuthubutu kuinua uso, na muda wote huo mkia haukutikisika, kifua hakikupanda, na jicho moja la duara lilimtazama kwa subira ya mtu anayengoja upuuzi wa hospitali uishe ili aendelee na mazungumzo yake.

"Umemaliza?" Diwani akauliza, kwa sauti ya baba. Kisha akamgeukia Mama. "Tukugeuze upande wa pili, mke wangu. Usije ukapata vidonda."

Sista akajua kwamba huyu si baba yake. Baba, Mungu amrehemu, aliondoka duniani bila kujua kwamba mgonjwa hugeuzwa.

Mganga aliyeitwa na Sista alikuja adhuhuri, mama mtu mzima aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Sikuleta ubani," alinong'ona mlangoni. "Unanipa pumu." Akachungulia tundu, akarudi nyuma hatua mbili. "Amekufa lini huyu?"

"Jumapili," Sista alijibu, na ndipo alipotambua kwamba alikuwa anajua.

"Aliyemo ni mpangaji. Hakuvunja mlango, alikaribishwa. Na aliyemkaribisha ndiye pekee wa kumtoa. Ulitamka nini siku ile?"

"Nilisinzia tu."

"Kusinzia si mwaliko, mwanangu."

Wote wawili wakageuka polepole kuelekea kitandani.

"Msinitolee macho," Mama alisema, kwa ule ulimi wake mzito. "Nilimwita mimi."

"Ulimwita nani, Mama?"

"Aliyekuwa karibu. Sikuchagua." Akapumzika kidogo. "Ulikuwa kitini, mdomo wazi, viatu miguuni. Nikasema, huyu mtoto atanitangulia. Nikaomba msaidizi."

"Mwambie atoke. Tafadhali, Mama."

"Nani atanilisha?"

"Mimi."

"Wewe," Mama alisema kwa huruma tupu, akageuzia uso ukutani.

Mganga alichukua mkoba wake. "Kwangu kazi imekwisha," alisema, na hakuaga.

Sista alijilaza chumbani mwake apumzishe mgongo dakika tano. Alipoamka jua lilikuwa linazama. Alikwenda mbio kwa mama yake, akasimama kizingitini. Mama alikuwa ameogeshwa. Nywele zilichanwa zikiwa mbichi, mashuka yalikuwa mapya, kona zake zimekunjwa barabara kuliko alivyowahi kuzikunja yeye, na mto ulikuwa umewekwa mgongoni, pale pale unapotakiwa. Komeo la tundu lilikuwa limefungwa kwa nje. Tone la maji lilining'inia kwenye mdomo wa ndege.

Alijua kwamba hapa mtu hupiga kelele. Lakini zilibaki saa mbili kabla ya zamu ya usiku, na miguu yake ilikuwa imevimba. Akaurudisha mlango taratibu, akarudi kitandani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akalala bila kutega sikio asikie kama mama yake anapumua.