Sale ya Mfereji wa Juu

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima, na Sabina alikuwa anapanda na jembe begani huku akijisemea peke yake. Jioni ile maji yalikuwa yao. Asipokwenda kuzibua, yangelala kwa jirani na nyanya zake zikauke hivi hivi. Enzi za baba mkwe wake mwanamke hakusogea kwenye banio la mfereji, pale maji yanapozibwa na kufunguliwa. Ilikuwa kazi ya wanaume, na aliyevunja mwiko alitozwa mbuzi. Lakini wanaume wako wapi sasa? Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia, chama cha ushirika kimebaki jina, wanunuzi binafsi wanapanda mlimani na kutaja bei ya kahawa wanayoitaka wao. Wanaume wa Meru wakang'oa mibuni, wakapanda nyanya na kabichi, halafu wakashuka zao mjini kutafuta soko. Wake zao ndio wakabaki na majembe.

Mumewe, Elirehema, naye alishuka. Na alishuka na ng'ombe wa Sabina.

Hakumwiba, tusimsingizie. Alimuuza. Ng'ombe aliyetolewa na baba yake Sabina siku ya harusi, Elirehema alimpeleka mnadani, akaongezea akiba yake, akanunua pikapu kuukuu ya kubebea mboga. "Nitakuletea mwingine, mke wangu, mzuri kuliko huyu," alisema. Pikapu ikawa inakwenda Arusha na kurudi, inakwenda na kurudi, na ng'ombe hakuonekana hata mkia.

Ila si ng'ombe aliyekuwa anamchoma roho jioni ile. Ni maneno ya sokoni Tengeru. Mchuuzi mwenzake alimwinamia sikioni akijifanya anamhurumia. "Shoga, gari la mzee wako mbona kila mara liko Lemara? Kwa Soila, yule binti wa Kiarusha anayeuza maziwa. Mzuri, jamani... sitaki kusema uongo." Sabina akacheka pale pale, akasema yule ni mteja wa majani ya kabichi. Alipofika nyumbani akachukua shati la mumewe, akalinusa.

Moshi. Ule moshi wa kijinga cha moto ambao Waarusha husafishia vibuyu vya maziwa.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni. Alipika nao, akalala nao, akaenda nao kanisani. Elirehema alikuwa mume wake wa ujana. Hakuwa na mwingine, wala hakumtaka mwingine. Alimtaka huyo huyo, mzima, bila kugawana na mtu.

Basi akafika kwenye mfereji wa juu, pale migomba inapoishia na msitu wa serikali unapoanza. Ukungu ulikuwa umeshuka. Baridi ya Meru unaijua, inaingia mpaka kwenye meno. Alisikia maji yanakwenda... shwaaa... Akainama, akapiga jembe la kwanza kwenye tope la banio.

Maji yakanyamaza.

Hayakukauka. Yalikuwa yanapita, anayaona kwa macho yake, lakini sauti hakuna.

Akainua kichwa. Ng'ambo ya pili alisimama mwanamke, amejifunika shuka jeusi mpaka usoni, miguu yake imo ndani ya mfereji. Na alinuka moshi wa kibuyu. Mkononi alishika jani la sale, refu, bichi, limefungwa fundo.

Sasa, kwetu mlimani, tangu Machame mpaka Meru, sale si jani la mchezo. Tunaipanda mipakani, tunaipanda makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea sale, humkatalii. Hata kama alikuchomea nyumba. Ukishaipokea umesamehe, na ukishasamehe hurudi nyuma.

"Nisamehe, mama," yule mwanamke alinong'ona.

Moyo wa Sabina uliruka kwa furaha, tena furaha mbaya. "Umetumwa na Soila?"

Yule mwanamke akasogeza jani mbele.

"Nakuuliza, umetumwa na Soila? Au ndiye wewe mwenyewe?"

"Nisamehe..."

Kumbe ameshindwa! Kumbe amekuja kunyenyekea mpaka huku juu, gizani, kwa aibu! Sabina hakuuliza jambo la tatu. Alitaka kuonja ushindi wake, na alitaka kuuonja pale pale. Akanyoosha mkono, akaipokea ile sale. Ilikuwa ya baridi kuliko maji.

"Nimesamehe. Na mtu wangu arudi nyumbani."

"Atarudi," ilisema ile sauti. Kisha yule mwanamke akageuka, akapanda ndani ya mfereji kuelekea msituni, ambako hakuna nyumba ya mtu yeyote. Sabina akamwangalia miguu. Maji hayakugawanyika alipopita.

Shwaaa... sauti ya mfereji ikarudi.

Nywele zilimsisimka, hilo hatukatai. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Akateremka mbio, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake, Bibi Anande, aliyekuwa anachochea moto.

"Shikamoo mama. Tazama! Yule malaya wa Lemara ameleta sale!"

Bibi Anande hakuitikia salamu. Aliliangalia lile jani, halafu akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Alisema amekosa nini?"

"Si tunajua, mama? Mume wangu..."

"Nimekuuliza alisema nini! Alitaja kosa?"

Sabina akalitazama lile jani upya.

"Sale inaletwa mchana, mwanangu. Inaletwa na mtu mwenye jina, mbele ya watu, anataja kosa lake ndipo unanyoosha mkono. Mama yangu alituonya. Wapo wanaoomba msamaha kwa walilofanya. Na yupo anayeomba kwa lile analokwenda kufanya."

Kabla hajamaliza, taa za gari zikapiga kwenye migomba. Alikuwa Ndesanjo, dereva mwenzake Elirehema, na kwenye kiti cha pembeni amemfunga Elirehema kwa mkanda asianguke. Alimkuta njiani karibu na daraja la Nduruma, ndani ya pikapu, injini inanguruma, macho wazi. Hajaumia. Hana hata mchubuko. Hasemi. Na mwili wake ulikuwa wa baridi kuliko maji.

Hospitali walimpima kila kitu, wakasema damu ni safi, moyo ni mzima, mrudisheni nyumbani apumzike. Alirudi, lakini hakupumzika. Alilala anaangalia dari, na kila asubuhi alikuwa amepungua. Mchungaji alikuja akaomba. Sabina alimshika mkono usiku kucha akimwambia rudi, baba, rudi, sikasiriki tena. Uongo mtupu. Alikuwa anamlilia, na bado alikuwa anamkasirikia. Alipombadilisha shati aliangalia kama kuna unywele wa mwanamke.

Jioni moja Bibi Anande alimwita nje, karibu na zizi tupu.

"Mwanangu anakwisha. Mrudishie yule sale yake. Iweke kwenye maji, geuka, njoo. Atakuuliza neno. Usimjibu. Unanisikia, Sabina? Hata akikuita kwa sauti ya mama yako, usimjibu."

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

"Nisimjibu."

Akapanda. Ukungu ulikuwa mzito mpaka mwanga wa jioni ukawa wa kijivu tupu. Nyani walikuwa wamenyamaza. Alipokaribia banio alisikia maji... shwaaa... halafu hakusikia kitu.

Alikuwa pale pale. Shuka jeusi, miguu majini.

Sabina hakumtazama. Alipiga magoti, akaliachia jani. Jani halikwenda na maji. Lilisimama katikati ya mfereji, kama linasubiri. Basi akainuka, akageuka, akaanza kushuka. Hatua ya kwanza. Ya pili...

"Nimrudishe mumeo?"

Hakujibu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini meno alikuwa ameyauma.

"Nitamrudisha. Lakini siondoki mikono mitupu."

Hakujibu.

"Au nimrudishe Lemara? Huko ndiko anakoita moyoni. Mimi ninamsikia, mama. Wewe humsikii?"

Jamani. Alikuwa amebakiza migomba michache tu. Angetembea. Angeziba masikio akatembea, na mumewe angepona, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini ule wivu uliokuwa kooni ulipanda wenyewe mpaka kwenye ulimi.

"Mchukue Soila!"

Aliposema, alisikia jani linatumbukia. Kitu kidogo tu, tub, halafu mfereji ukaendelea na kazi yake.

Nyumbani Bibi Anande alimwuliza mara moja tu, "Hukujibu?" Sabina akasema, "Sikujibu." Yule mama akamwangalia usoni kwa muda mrefu, akaingia ndani.

Asubuhi Elirehema aliomba uji.

Nyumba nzima ililia kwa furaha. Alikunywa bakuli zima, akaomba lingine, na Sabina akamkumbatia mpaka uji ukamwagika. Mtu wake amerudi! Akatoka nje kuchota maji, bado anacheka peke yake, na getini akamkuta ng'ombe.

Mtamba wa kisasa, mweusi na madoa meupe, mnene, anang'aa. Kamba inaburuzika chini. Hakuna mtu aliyemshika. Alikuwa ameloa mpaka tumboni, anatetemeka, na macho yake yalikuwa yanaangalia kule juu, kwenye mfereji.

Kabla ya saa sita alifika mzee mmoja wa Kiarusha, fimbo mkononi, anahema kwa kupanda. Alijitambulisha kwa heshima. Lomayani, wa Lemara. Baba yake Soila.

"Samahani, mama. Binti yangu alilala kwenu?"

Sabina akatikisa kichwa.

"Jana mchana alisikia kwamba Elirehema ni mgonjwa sana. Akasema, huyu mtamba ni wa mke wake, acha nimpeleke, pengine yule mama akimwona atapata nguvu." Mzee akampiga mtamba kofi dogo la upendo mgongoni. "Elirehema alimnunua, tukamfuga sisi kwetu. Elirehema alikuja na majani ya kabichi kila safari, anamlisha kwa mkono wake. Alitukataza kusema. Alitaka uone siku moja tu, umefungua mlango, ng'ombe huyu hapa."

Sabina alikaa chini kwenye vumbi.

Walimtafuta Soila kwa wiki nzima, Waarusha na Wameru pamoja, kutoka Nduruma mpaka ndani ya msitu. Hawakupata mwili. Kwenye banio walikuta shuka lake limekunjwa vizuri, kavu, na juu yake jani la sale lenye fundo. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Wengine walisema nyati, wengine wakasema maji. Bibi Anande hakusema kitu. Kuanzia siku ile hakula tena chakula kilichopikwa na mkono wa Sabina, na aliyemwuliza sababu alijibiwa kwamba ana tumbo.

Sasa mngetegemea kwamba Sabina alijuta, akatubu, yakaisha. Alijuta, ndiyo. Aliamka usiku anajikuna shingo kama mtu aliyevaa kamba. Lakini niacheni niseme ukweli wote.

Siku ile Elirehema alipoambiwa habari za Soila, alilia. Na Sabina alisimama mlangoni akiangalia anavyolia. Alilia kwa kujikunja, amejishika mbavu, hana aibu mbele ya wazee. Sabina akajiuliza, hivi mtu anamlilia hivi binti wa watu aliyemtunzia ng'ombe tu? Alipouza ng'ombe wangu hakulia. Aliposikia mimi nimekesha naye, hakulia.

Swali likaingia, likakaa. Aliyeweza kulijibu hakuwepo tena.

Mtamba akazaa. Maziwa yakajaa ndoo. Elirehema aliacha safari za mjini, akawa anashinda zizini, anamsemesha yule ng'ombe kwa sauti ya chini, na mkewe akipita ananyamaza. Alimwita Sabina mama, kama zamani. Alimletea kuni. Hakuwa na kosa ambalo mtu angelishika. Lakini usiku, akiwa amelala kabisa, midomo yake ilikuwa inacheza, na Sabina alikuwa anasogeza sikio karibu, karibu zaidi, mpaka akalisikia lile jina.

Alilisikia tena kesho yake. Na siku zilizofuata.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mvua ilipiga siku baada ya siku, mashamba yakawa matope, mfereji ukajaa ukapasua kingo. Jioni moja, mwanga umeanza kufifia, Elirehema alikuwa amekaa barazani anaangalia maji yanavyoshuka kutoka kwenye paa. Sabina akatoka ndani, amejifunga kanga kiunoni, jembe begani. Kule juu alikuwako mmoja anayesikia moyo wa Elirehema unamwita nani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Juu. Kufungulia maji."

Elirehema akatazama mvua, akamtazama mkewe, akacheka kidogo. "Maji? Na mvua yote hii?"

Sabina alisimama kwenye ngazi, akamwangalia kwa muda, uso wake, mikono yake, kila kitu chake. Alikuwa mume wake wa ujana. Hakuwa na mwingine.

"Sikawii," alisema, akaanza kupanda.