Boga la Jalalani

Msimu wa maboga ulipofika, nyumba ya kina Chiriku iligeuka ghala. Maboga yalikuwa chini ya meza, maboga nyuma ya mlango, na maboga hata chini ya kitanda cha Bibi, hivi kwamba mtu asiyeangalia alijikwaa akaona nyota mchana. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliyalima mwenyewe nyuma ya nyumba, na mwaka huo udongo ulimkubali.

Safari hii maboga yalikuwa na kazi maalumu. Bibi alikuwa ameanguka uani kwa sababu ya presha, na Nesi wa zahanati aliwaambia, "Chumvi kidogo, mafuta kidogo, na chakula msitafute mbali. Kuleni vya msimu. Mnayo maboga, basi kuleni maboga." Tangu siku hiyo walikula boga na maharage, supu ya boga yenye tangawizi, na majani yake machanga. Mbegu nazo Bibi alizianika juani, kisha akazikaanga bila mafuta, wakawa wanatafuna. Bonge, kitindamimba wa nyumba, alilalamika kwamba siku si nyingi ataota majani masikioni.

Dada yake Bonge alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akifagia, akaongea akioga, na Bibi aliapa kwamba alimsikia akiongea usingizini.

Jumamosi moja Mama alikuwa na sare za shule za kupeleka kwa mteja upande wa pili wa mji. Baba, ambaye ni seremala, alikuwa karakanani tangu asubuhi. Mama alichagua boga moja la kijani lenye michirizi, akaliweka mikononi mwa Chiriku.

"Leo unapika wewe," alisema. "Limenye, lichemshe mpaka lilainike, liponde, tia kitunguu na tangawizi. Bibi yako ale mapema. Na hili ndilo boga la leo, mengine usiyaguse. Nayajua yote kama wanangu."

"Mama, mimi si mtoto tena."

"Ndiyo maana nakuachia jiko."

Chiriku alilipeleka boga bombani kuliosha, akaliweka juu ya ukuta mfupi. Hapo ndipo alipomkuta rafiki yake, binti wa jirani, akiwa na habari moto moto za shuleni. Habari moja ikazaa nyingine. Walikuwa wakicheka hadi kushikana mabega waliposikia kishindo: puu! Boga lilikuwa limebiringika ukutani, limepasuka vipande. Kabla Chiriku hajafika, mbuzi wa jirani walishafika, na mbuzi hawana subira.

Rafiki yake akawaswaga mbuzi kurudi kwao, Chiriku akabaki akiangalia maganda. Akichukua boga jingine ndani, Mama atajua. Akisema ukweli, ataambiwa bado ni mtoto na jiko atanyang'anywa. Ndipo akakumbuka kwamba nyuma ya shimo la taka kulikuwa na mmea uliojiotea wenyewe, umetambaa hadi kwenye ua, na ulikuwa umezaa boga moja la kijani lenye michirizi. Wiki ile ile Bibi alikuwa amesema, "Hilo liacheni. Hatujui mbegu yake imetoka wapi."

"Boga ni boga," Chiriku alijiambia. Akaangalia kushoto na kulia, akalikata kikonyo.

Jikoni alilimenya haraka na kutupa maganda mbali ili yasimsute. Nusu aliikatakata na kuitia sufuriani. Nusu nyingine aliifunika kwa sahani juu ya meza. Supu ilipoiva akachota kwa kijiko, akaonja.

Ilikuwa chungu. Si uchungu wa kawaida ambao ulimi huuzoea. Uchungu ule ulimkamata nyuma ya koo, mate yakamjaa mdomoni, akakimbilia mlangoni kutema. Akarudi, akatia sukari. Bado. Akachukua maziwa ambayo Mama Maziwa, mchuuzi wa mtaa wao, aliyaleta asubuhi kwa baiskeli, akamimina kikombe kizima. Sukari tena. Sasa supu ilikuwa tamu mbele na chungu nyuma, kama mtu anayekuchekea huku anakufinya.

Alijua kwamba jambo halikuwa sawa. Lakini Bibi aliita kutoka chumbani, "Chiriku, njaa inaniuma huku!" naye akapakua.

Bonge alionja mara moja, akakunja uso. "Chungu! Mimi sili."

"Kula, ni nzuri kwa mwili," alisema Chiriku. Bonge akasukuma bakuli, akakimbilia nje kucheza.

Bibi alikunywa kijiko cha kwanza, akalamba midomo. "Siku hizi dawa zimeniharibu ulimi," alisema. "Kila kitu naona kina uchungu. Lakini mjukuu wangu amenipikia, nitaacha vipi?" Akamaliza bakuli lote. Chiriku alikifuata kwa macho kila kijiko kilichopanda mdomoni mwa Bibi. Maneno yalikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi: Bibi, acha. Hayakutoka. Mtoto aliyezoea kusema mpaka usingizini alikuwa bubu mezani.

Muda si mrefu Bibi alishika tumbo. Akatapika, akakimbilia msalani, akatapika tena. Mama aliporudi alimkuta amejikunja kitandani, jasho linamtoka na midomo imekauka.

"Amekula nini?"

"Supu ya boga," alijibu Chiriku kwa sauti ndogo. "Na... maziwa. Nilitia maziwa."

"Maziwa!" Mama alipiga paja. "Maziwa yameharibika na jua hili!"

Na kama ilivyo siku ya mkosi, wakati ule ule kengele ya baiskeli ililia barabarani. Mama Maziwa alikuwa katika mzunguko wake wa alasiri. Mama alimtokea kama radi.

"Umeniulia mkwe wangu! Maziwa gani haya unatuuzia?"

"Dada, taratibu," Mama Maziwa alisema, ameshika usukani kwa mikono miwili. "Maziwa yangu nimeyachemsha mwenyewe. Watoto wangu wamekunywa hayo hayo."

"Na huyu aliyelala ndani amekunywa nini?"

Majirani walitoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshanunua alirudi akamwaga maziwa yake mtaroni mbele ya watu wote. Mwingine akafuata. Mama Maziwa alifuta macho kwa ncha ya khanga, akageuza baiskeli. Chiriku aliyaona yote kutoka dirishani.

Bibi alipelekwa zahanati kwa pikipiki, Mama akimshikilia kwa nyuma. Chiriku na Bonge walifuata mbio kwa miguu. Walipofika, Nesi alikuwa ameshamtundikia Bibi chupa ya maji ya mshipani.

"Presha imeshuka mno," Nesi alisema. "Dawa zake za presha asimeze kwanza mpaka niseme. Mmesema ni maziwa? Huyu mdogo naye alikunywa?"

"Nilikunywa vikombe viwili asubuhi," Bonge alijibu, akiruka kwa mguu mmoja sakafuni. Nesi alimtazama, akakunja paji la uso.

"Ajabu," alisema. "Huyu ana afya ya simba."

Mama hakusikia. Alikuwa ameshatoa simu na anaongea na Baba, aliyekuwa amesharudi nyumbani. "Ndiyo, anapata nafuu kidogo. Sikiliza, sufuria ya supu mwaga, ina maziwa mabovu. Lakini juu ya meza kuna nusu ya boga, limeshamenywa. Lichemshe hivyo hivyo bila kitu, wewe ule, halafu umletee mama kidogo kwenye kopo. Nesi akiruhusu, atapata nguvu."

Chiriku alisikia kila neno. Boga lile lile. Baba atakula, na Bibi atalishwa mara ya pili, hapo hapo kitandani, tena kwa mkono wa Mama. Mama alikata simu, chupa ya Bibi ikashuka hadi nusu, na Chiriku bado hajafungua mdomo. Alimwangalia Bibi, mkono wake mkavu juu ya shuka, sindano imebandikwa plasta. Akitaja neno moja tu, kila mtu atajua. Asipolitaja?

"Mama!" Sauti ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka, hadi wagonjwa wengine wakageuka. "Si maziwa! Ni boga! Baba asile!"

"Unasema nini wewe?"

"Boga ulilonipa lilipasuka, mbuzi wakalila. Nilichukua lile la jalalani. Lilikuwa chungu, Mama, chungu sana, nikatia sukari na maziwa ili lisijulikane. Mama Maziwa hana kosa. Ni mimi."

Nesi alimgeukia Mama. "Mpigie baba yao. Sasa hivi! Boga chungu lina sumu, na sumu ile haitoki hata likichemshwa kutwa nzima."

Mama alipiga simu. Ililia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Baba alikuwa na tabia ya kuacha simu kwenye chaji chumbani akiwa jikoni.

Chiriku hakusubiri. Alitoka mbio. Alipita mbele ya kinyozi, akapita kwenye duka la vifaa vya baiskeli, ndala moja ikakatika akaiacha hapo hapo. Mtu alimwita kwa jina, hakugeuka. Kichwani mwake kulikuwa na picha moja tu: Baba amejikunja kitandani kama Bibi, na nyumbani hakuna mtu wa kumsaidia.

Alipousukuma mlango, Baba alikuwa amekaa mezani, vumbi la mbao bado kwenye nywele, sahani mbele yake na kijiko mkononi.

"Baba, usile!"

Baba aliruka, kijiko kikaanguka. "Kula? Nani ale hiki? Nimeweka kipande mdomoni nikadhani nimetafuna shubiri! Nimekitema dirishani. Nilikuwa nawaza kuongeza chumvi."

Chiriku alikaa chini sakafuni, akalia kwa kwikwi. Baba alimwinua, akamfuta uso kwa mkono uliojaa vumbi, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alikusanya vya kwenye sahani, vya kwenye sufuria na kila kipande kilichobaki, akachimba shimo nyuma ya nyumba na kuvifukia. Akampigia Mama kumwambia wako salama, kisha akaung'oa ule mmea na mizizi yake.

Kesho yake Bibi aliruhusiwa kurudi nyumbani, mnyonge lakini macho yake yana uhai. Nesi aliwaeleza kwamba mbegu inayojiotea jalalani huenda imechanganyika na ya maboga mwitu. Kwa macho huwezi kulitambua boga lake, ulimi ndio unaolitambua. "Ukionja boga likawa chungu, tema na utupe lote," alisema. "Usilihurumie. Na ungenyamaza jana, binti, tungekuwa na wagonjwa wawili, na huyu mmoja sijui kama tungemrudisha."

Kutoka zahanati, Mama hakuelekea nyumbani moja kwa moja. Alimwachia Baba ampeleke Bibi nyumbani, akamshika Chiriku mkono hadi kwa Mama Maziwa. Walimkuta akiosha madumu matupu, baiskeli imeegeshwa na madumu mawili ya maziwa yamejaa juu yake. Siku hiyo hakuna aliyemwagiza maziwa.

"Nimekukosea dada yangu," Mama alisema. "Nilikuaibisha mbele za watu kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Chiriku naye alisema yake, neno kwa neno, bila kuficha kitu. Mama Maziwa alisuuza dumu, akaliinamisha likauke.

"Msamaha nimeupokea," alisema hatimaye. "Lakini jina langu limetangazwa mtaa mzima. Nasikia wewe mtoto una mdomo. Haya, ingia barabarani nami."

Basi walizunguka mlango kwa mlango, Mama Maziwa akisukuma baiskeli, Chiriku mbele. Katika kila nyumba alilazimika kusalimia na kueleza: "Shikamoo. Maziwa hayakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepika boga chungu nikaficha." Mlango wa kwanza alidhani atazimia. Mwanamke aliyemwaga maziwa mtaroni alimsikiliza huku amejishika kiuno, kisha akaingia ndani na kurudi na chupa tupu. "Nijazie," alimwambia Mama Maziwa, macho yake yakiangalia chini. Walipofika mlango wa mwisho, dumu moja lilikuwa limekwisha.

Siku chache baadaye Bibi alitaka supu. Chiriku alikataa kuingia jikoni. Alisema hatapika tena maisha yake yote. Bibi alijikongoja hadi jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaagiza boga liletwe.

"Likate," alisema. "Sasa mega kipande kidogo kibichi, utafune."

Chiriku alimega kipande kidogo kuliko ukucha, akatafuna.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kupasua boga si kosa. Hata mimi nimevunja vyungu ukubwani. Lakini ulimi umepewa kazi mbili, kuonja na kusema. Siku ile wako ulifanya ya kwanza, ya pili ukaichelewesha, na uwongo ukakaa tumboni mwangu. Jiko si la mtu asiyekosea. Ni la mtu anayesema mapema, wenzake wasije wakaumia. Haya, niambie. Likoje?"

Chiriku alimeza. Akatafuna kipande cha pili ili awe na hakika.

"Tamu, Bibi."

"Basi washa jiko."