Serikali Haikumchukua Immakulata

Asubuhi ile Stanislaus alitwanga mihogo mwenyewe. Mwanamume kutwanga! Majirani pale Gwarama walichungulia, wakacheka. Wacheke tu. Mkewe, Immakulata, alikaa mlangoni akigombana na watu wasioonekana. Mwezi wa pili sasa hapiki wala halali. Juzi alikutwa mtoni peke yake, maji yamemfika kifuani.

Wiki iliyopita walikwenda hospitali ya misheni.

"Mkeo ana ugonjwa wa akili, na unatibika," daktari alisema. "Alazwe wiki tatu. Hulipi kitu. Serikali itailipa hospitali. Weka dole gumba kwenye karatasi hii."

Stanislaus aliduwaa. Serikali imlipie mke wake? Kwa nini? Kwao Buha, mtu akikupa ng'ombe, wewe ni mtu wake. Utamlimia, utamjengea, na ndama utampelekea. Basi atakayemlipia Immakulata si ndiye atakuwa mwenye Immakulata? Akamshika mkewe mkono, wakatoroka. Naam, walitoroka hospitali!

Sasa, baada ya kutwanga, alikuwa anasokota kamba. Isihaka, mganga wa zahanati aliyehamishiwa pale kutoka Morogoro, akapita na baiskeli yake.

"Kamba ya nini, ndugu yangu?"

"Ya kumfunga mke wangu. Asije akazama."

"Na hospitali je?"

Stanislaus akamweleza yote. "Bwana Mganga, mimi nimechanganyikiwa. Wakimponya, watamchukua? Au nikamlimie nani? Bwana Shamba? Mkuu wa wilaya?"

Isihaka alitaka kucheka, akajizuia.

"Ukiuza kahawa, hukatwi kodi?"

"Nakatwa, tena sana!"

"Basi kodi hiyo ndiyo ng'ombe, na wewe ndiye uliyetangulia kumtoa. Wewe, mimi, sote. Matibabu haya ni ndama wako, anarudi nyumbani."

"Kumbe! Kwa hiyo serikali ndiyo mtu wangu?"

"Ndiyo. Mtume kazi."

"Na ile karatasi?"

"Inaonyesha kwamba mgonjwa alitibiwa. Bila hiyo hospitali hailipwi, na dawa zitakwisha. Haimchukui mtu."

Stanislaus alielewa nusu. Nusu nyingine ilibaki ukungu mtupu. Ndipo Immakulata akainua uso.

"Nipelekeni," alisema polepole. "Hawa watu wananipigia kelele. Nimechoka nao."

Moyo ulimuuma Stanislaus. Kamba ileile akaifungia mkeka na blanketi, wakaondoka. Hospitalini alibonyeza dole gumba kwa nguvu mpaka wino ukachafua meza.

Baada ya wiki tatu daktari alimruhusu Immakulata kurudi nyumbani.

"Aje kila mwezi," alisema. "Asiache vidonge hata akijiona mzima. Msimfunge, wala msimcheke."

Mavuno ya maharage yalipofika, Immakulata alikuwa analala usiku kucha. Asubuhi moja alimkuta mumewe kwenye kinu.

"Hebu lete huo mchi! Unga wako una mawe. Nilikuwa mgonjwa wa akili, si wa meno."

Stanislaus akampa mchi, machozi yakimlengalenga.

"Na hiyo serikali yako," Immakulata akauliza, "imeshakuja kunichukua?"

"Bado."

"Ikija, iambie ingoje. Natwanga."