Dakika Arobaini za Shemeji Rubani

Shemeji yetu rubani alikuwa na dharau iliyotangulia kuingia mlangoni kabla ya tumbo lake. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege ndogo kati ya viwanja viwili vya porini, kilomita mia mbili kasoro kidogo, dakika arobaini hewani. Kila kiwanja kilikuwa na vumbi, kibanda cha bati na mlinzi wa kufukuza mbuzi.

"Mimi nabeba washamba tu," alipenda kusema, huku akifuta miwani yake ya jua.

Siku moja fundi seremala aliletwa uwanjani kwa mkokoteni, homa imemkausha midomo. Hospitali ilikuwa upande wa pili. Rubani akaziba pua.

"Huyu atanitapikia ndege. Mrudisheni."

"Ni dakika arobaini tu, kaka," fundi alinong'ona.

"Basi tembea."

Akapaa na viti vitupu. Fundi akakata roho palepale, kwenye kivuli cha kibanda.

Kwao kulikuwa upande wa pili, hivyo siku iliyofuata ndugu zake walikodi ndege ileile ili akazikwe huko. Ilikuwa asubuhi nyeupe, upepo umetulia. Jeneza likafungwa mikanda nyuma ya kiti cha rubani, na mjane akaketi kando ya jeneza.

"Umeona, mama? Leo kapata nafasi, tena ya kulala," rubani alisema, akacheka peke yake.

Mjane akajifunika kanga, akaegemea dirisha.

Katikati ya safari kuna mlima wenye vichwa viwili. Waliupita. Rubani akapiga miayo, akatazama mbele, akauona mlima wenye vichwa viwili unakuja.

Akasonya. Akaangalia dira. Ilikuwa sawasawa.

Wakaupita tena. Ukaja tena. Redio ilikoroma tu. Mshale wa mafuta haukusogea. Jua nalo lilikuwa palepale.

"Bado?" mtu alinong'ona kisogoni kwake.

"Tulia, mama. Kwani unawahi nini?"

Akageuka. Mjane alikuwa amelala fofofo. Jeneza lilikuwa limetoka kwenye mikanda. Limegusa kiti chake.

Mlima. Mlima. Mlima.

"Bado?"

Aliacha kuhesabu. Alipiga kelele, mjane hakuamka. Alitukana, kisha akabembeleza, kisha akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, yule bwana mkubwa wa miwani.

"Nisamehe, fundi! Nilikudharau. Nisamehe!"

Kisha pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Ni dakika arobaini tu, kaka."

Uwanja ukatokea mbele yake.

Mjane aliamka magurudumu yalipogusa ardhi. "Tumefika? Hata usingizi haujanikolea."

Mlinzi alikuja mbio kufungua mlango. "Leo umefika kwa wakati, bosi," alisema. Kisha akamtazama vizuri, akarudi nyuma hatua kwa hatua.

Rubani alikuwa na ndevu nyeupe hadi kiunoni. Kucha zake zilikuwa zimejikunja kwenye usukani, ikabidi zikatwe ndipo mikono iachie.

Dada yetu, mkewe, alimnyoa kwa mkasi wa kushonea. Ndevu zikajaa beseni. Alizimwagia mafuta ya taa uani, akawasha kiberiti. Hazikushika moto. Akalifunika beseni kwa bati na jiwe juu yake.

Liko pale mpaka leo. Juzi dada alipita akifagia, akakuta bati limeinuka. Anasema zinaendelea kuota.