Mshale Uliosoma Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu aligeuza mayai ndani ya mashine ya shangazi yake ya kutotolea vifaranga, akaongeza maji kwenye sinia, kisha akautazama mshale wa kipimajoto. Jina hilo alipewa kwa haraka zake. Msichana huyu angeweza kufua sare akasahau kutia sabuni.

Siku moja, kabla ya kupanga mayai mapya, Shangazi alimwagiza akijaribu kile kipimajoto. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ncha ya waya wake hutumbukizwa kwenye bakuli la maji na barafu iliyopondwa, ikaachwa humo mpaka mshale utulie. Ukitulia kwenye sifuri, kipimo ni kizima. Chapuchapu aliuona mshale ukishuka, akasikia wenzake wanaruka kamba nje, akaichomoa ncha. Alipoulizwa, alijibu kwamba umesoma sifuri. Haraka haraka haina baraka, na ikichanganywa na uongo ni balaa.

Siku ya kuanguliwa ilifika, ikapita, hakuna kifaranga aliyelia. Shangazi, ambaye hasira zake zilijulikana mtaa mzima, alimpa beseni akamwamuru avunje mayai yote. Ndani mlikuwa na vifaranga waliokwisha kuota manyoya, karibu wote wamekufa. Mmoja alifungua mdomo, akafia mkononi mwake. Msichana alilia kwa kwikwi, na Shangazi akamwambia aendelee.

"Kipimo ulikijaribu kweli?"

"Nilikijaribu, Shangazi. Labda kuku wa Mama Mayai wanaumwa."

Shangazi akajifunga kibwebwe, akaenda naye sokoni kwa Mama Mayai, mjane aliyewauzia mayai yale. Alimwita tapeli mbele ya wateja, akamwaga lile beseni juu ya meza yake. Mjane aliapa kwamba kuku wake ni wazima. Watu wakaziba pua, wengine wakacheka. Chapuchapu alijua kwamba neno lake moja lingemwokoa yule mama, lakini woga ulimshika, akanyamaza.

Wiki iliyofuata Shangazi alikijaribu kipimo mwenyewe. Mshale ulishuka, ukatulia kwenye tatu, ukagoma hapo. Kumbe mashine iliposoma thelathini na nane, mayai yalipata thelathini na tano tu! Alimgeukia Chapuchapu, na safari hii msichana akasema yote. Shangazi alizungusha skrubu ya nyuma mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri, kisha akakilinganisha na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya uvuguvugu. Vilikubaliana. Hakumchapa. Alimshika mkono, wakaenda sokoni.

Meza ya Mama Mayai ilikuwa tupu. Walimkuta nyumbani kwake, banda liko wazi, manyoya yametapakaa uani. Shangazi aliomba radhi, akamsukuma Chapuchapu mbele, naye akaungama.

Mjane aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kipimo chenu mmekirekebisha, vizuri," alisema. "Mimi kuku wangu nimewachinja wote. Hakuna aliyetaka yai langu hata moja, na chakula chao kiliisha. Mwanangu, ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, ukweli utafika watu wameshaumia."

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.