Tiki za Marehemu

Tone. Kimya. Tone tena. Ndani ya chumba kile cha nyumba ya kulelea wazee, bomba lilivuja gizani kana kwamba halina habari na msiba.

Inspekta akawasha tochi. Ajuza alilala sakafuni kifudifudi, mkono umenyooshwa kuelekea beseni la kunawia. Hakufika. Bilauri ya kando ya kitanda ilikuwa kavu, na waya wa kengele ya kumwitia muuguzi ulikuwa umechomoka.

Daktari wa polisi aliinuka taratibu. Jeraha hakuna, alisema. Bibi wa watu aliharisha tangu juzi, mwili ukakauka. Angenyweshwa maji usiku, pengine wangemkuta hai.

Fomu ya usiku ilisema vingine. Visanduku vyote vilikuwa na tiki: amepewa maji, amegeuzwa, kengele imekaguliwa. Msimamizi wa nyumba hiyo aliikumbatia kama ngao.

Inspekta akaketi kwenye kompyuta ya ofisi. Alifungua kiolezo cha fomu ile, akaandika jina la marehemu na tarehe ya leo. Papo hapo visanduku vikajitia tiki vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Maiti alikuwa amepewa maji.

Akaitwa muuguzi wa zamu, mwanamke mwembamba, macho mekundu kwa kukesha.

"Sista, nani kaitengeneza hii?"

"Mimi, afande. Jana."

"Ulijifunzia wapi?"

"Masomo ya jioni." Tabasamu lilimjia, likafia mdomoni.

"Bibi ulimpa maji?"

Akaitazama kompyuta.

"Sista. Ulimpa?"

"Nilikuwa njiani na jagi. Mzee wa chumba cha pili akashikwa na kifafa. Nilipomaliza naye sikukumbuka nilikuwa nimeishia wapi. Nikaangalia fomu, nikakuta tiki." Akaziba uso kwa viganja. "Nikaiamini, afande. Mimi mwenyewe niliyeifundisha uongo."

Inspekta akamuuliza kwa nini alitaka fomu ijijaze yenyewe. Akaeleza bila kujitetea, kama mtu anayesoma hukumu yake. Ghorofa nzima ina muuguzi mmoja. Zamu ikiisha, anabaki kujaza fomu za kila mgonjwa, na akifika kwake binti yake ameshaondoka kwenda shule. Jioni anatoka mtoto hajamaliza hata kula. Wanaishi nyumba moja kama wapangaji.

"Nilitaka nimkute. Siku moja tu nimsuke nywele mwenyewe."

Inspekta naye alikuwa mzazi. Mkono ulisita kwenye pingu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na haya hayakumiminwa kabisa.

Alimruhusu apitie nyumbani kumuaga mama yake, ndiye aliyekuwa akimlelea mtoto. Mama yule alifungua mlango, akawatazama wote wawili, akashika ukuta.

Nyuma yake binti alikuwa akivaa viatu vya shule. Akainua uso. Pingu zilifichwa na sweta, hakuziona.

"Mama, leo umewahi," akasema.